Kuvunda na Kuvundika

Mimi nikikasirika nasugua vyombo. Wengine hulia, wengine hununa, mimi nasugua. Mume wangu, ambaye ni fundi baiskeli na mtu wa maneno machache, akirudi kutoka kazini huchungulia kwanza masufuria yaliyoanikwa nje. Yakiwa na weusi wake wa kila siku, anaingia na kuvua viatu. Yakiwa yanameremeta, anakumbuka kwamba kuna tairi ameliacha bila kulijaza upepo, na anarudi alikotoka.

Nalisema hili mapema ili mnielewe. Siku ninayotaka kuwasimulia, ungeweza kuchana nywele kwa kujitazama kwenye sufuria yetu kubwa ya maziwa.

Nyumba yetu ni ya jibini. Mama mkwe wangu aliianza kazi hiyo kabla mume wangu hajaota meno, na hadi leo mwenye chumba ni yeye. Chumba chenyewe kiko chini ya nyumba. Unateremka ngazi saba, unakuta kuta za mawe, sakafu ya mawe, na baridi ya kukuvalisha sweta hata kama nje jua linachoma. Ukutani kuna rafu nne za mbao. Tangu nilipoolewa, miaka tisa sasa, juu ya rafu hizo hakijawahi kukaa kitu kingine ila jibini yake nyeupe: laini, ya chumvi kidogo, yenye adabu zake. Watu wanaipenda, na mimi naipenda. Lakini miaka tisa nimepasha moto maziwa yake, nimechuja kwa kitambaa chake, nimegeuza jibini zake asubuhi na jioni, na mteja akisifu anasifu mkono wa mama. Ni haki yake, mkono ni wake kweli. Ila binadamu unafika mahali unataka kitu kimoja, hata kiwe kidogo namna gani, ukikitazama useme: hiki nimekifanya mimi.

Mwenzetu wa tatu katika kazi hii ni wifi yangu, dada mdogo wa mume wangu. Tunamwita Chapchap. Wifi huyu ukimtuma chumvi anarudi kabla hujamaliza kusema ya aina gani, na mara nyingi anarudi na sukari. Moyo wake ni mzuri na mkono wake ni mwepesi. Tatizo ni masikio, ambayo hubaki nyuma huku miguu imeshaondoka.

Mambo yalianza mama alipovimba miguu. Kulikuwa na mafunzo ya siku tatu ya watengenezaji wa jibini, akanituma mimi niende badala yake. Siku ya mwisho mwalimu akakata jibini yenye mistari ya buluu ndani, kama mishipa ya mkono, iliyochanganywa majani makavu na vitunguu saumu. Nilipoiweka mdomoni nilikasirika. Kweli kabisa, nilikasirika. Miaka yote hiyo kitu hiki kilikuwepo duniani na hakuna mtu aliyenieleza.

Nikarudi nyumbani na kipakiti kidogo cha unga wa ukungu. Mama alikipokea, akakisogeza mbali na macho, akakileta karibu.

"Hiki ni nini?"

"Ukungu, mama. Ndio unaoleta ile buluu."

"Umeokota wapi?"

"Nimenunua."

Akakinusa. "Umenunua ukungu. Kwa pesa. Mkwe wangu, si ungeniambia tu? Bafuni kwangu upo wa bure, ukutani, nyuma ya mlango. Ningekufungia hata kilo."

Chapchap alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nikaenda kusugua birika.

Lazima niseme kidogo kuhusu neno, maana maneno ndiyo yaliyotaka kuniua. Ndizi mbichi ukiifunika vizuri ikaiva, umeivundika. Ndizi hiyohiyo ukiisahau uvunguni mwa kitanda mpaka inzi wakutangulie kuiona, imevunda. Hapo katikati pana herufi mbili tu. Kwa mama mkwe wangu herufi mbili zile hazikuwepo. Kwake, maziwa yakishageuka rangi yamevunda, basi, na kilichovunda kina njia moja: toroli, halafu shimo lililo nyuma ya uzio. Wala hakizikwi hivihivi. Mama ana sharti lake, na hajawahi kulivunja tangu nimjue. Jibini iliyoharibika haifukiwi mpaka ionjwe na yeye mwenyewe, palepale penye shimo, kwa ncha ya kisu. "Marehemu hazikwi bila kujulikana kilichomuua," husema. Anaonja, anatema, anasema: chumvi ilipungua. Au: kitambaa hakikuchemshwa. Ndipo udongo unarudi.

Nilimwomba rafu moja. Nilimwomba wiki nzima, asubuhi na jioni, mpaka mume wangu akaanza kula kazini. Mwishowe mama akasema, "Chukua ya chini. Miezi mitatu. Ikishindikana, rafu inarudi kwa jibini nyeupe, na habari ya ukungu isitajwe tena humu ndani mpaka nife. Nikifa mtanunua hata kutu."

"Na ikifaulu?"

"Ikifaulu," akasema, kama mtu anayeulizwa mvua ikinyesha kutoka chini kwenda juu itakuwaje, "ikifaulu rafu ni yako."

Mnaona sasa. Rafu ni ubao, najua. Lakini mimi nilikuwa sijawahi kuambiwa neno "yako" katika chumba kile.

Nilifanya kazi ile kwa mkono wa taratibu ambao hata mimi sikujua ninao. Maziwa ya asubuhi nikayapasha moto kidogo tu, uvuguvugu wa maji ya kumwogesha mtoto, nikatia mtindi wa mbegu na unga wangu wa ukungu, halafu dawa ya kugandisha. Yalipoganda nikayakata vipande kama karanga, nikaacha maji yake ya manjano yatoke yenyewe bila kuyasumbua. Vitunguu saumu nilimenya punje arobaini, nikazichemsha kwenye siki ili zisije na vijidudu vyake, nikazikausha, nikazikatakata. Majani ya rozmari, ya thaimu na ya vitunguu nilikuwa nimeyaanika kivulini siku nyingi. Nikachanganya vyote kwa vidole, nikajaza vikopo vyenye matundu. Vikatoka kumi na viwili.

"Wifi," Chapchap akasema akinusa vidole vyangu, "wewe leo hata mbu hakusogelei. Kaka atalala ukumbini."

Baada ya siku kadhaa za kuzipaka chumvi na kuzigeuza, inafika siku ya kuzitoboa. Ukungu nao unataka hewa; usipoipa jibini matundu, buluu haiingii ndani. Mwalimu alikuwa na chombo chake maalumu. Mimi nilikuwa na mume fundi baiskeli. Nikachukua spoku moja mpya, nikaichemsha, nikaanza.

Asubuhi ile kulikuwa na neno kati yangu na mume wangu kuhusu mlango wa chumba cha chini, alioahidi kuutengeneza kesho, kesho ambayo ilikuwa na wiki tatu. Jibini kumi za kwanza nilizitoboa sawasawa, matundu yamepangana. Nilipofika mbili za mwisho alipita mlangoni akipiga mluzi. Sitaki kusema nilizitoboaje. Nitasema tu kwamba alisimama, akaitazama spoku, akaacha kupiga mluzi, na mlango ulitengenezwa kabla ya chakula cha mchana.

Wiki zikaenda. Kila asubuhi nilikuwa wa kwanza kushuka ngazi. Buluu ilianza kama vumbi, ikawa kama moshi, halafu ikashika. Harufu nayo ikakua. Mama alikuwa akishuka ameziba pua kwa ncha ya mtandio, akipita rafu ya chini anageuza uso kama anayepishana na mdai wake.

"Inanuka," anasema.

"Inaiva, mama."

"Hata maiti inaiva, basi."

Wiki ya tisa ngozi za jibini zangu zikaanza kuwa na utelezi na wekundu kidogo, jinsi mwalimu alivyosema zitakuwa. Nikazifuta kwa maji ya chumvi, nikazifunika kwa kitambaa kibichi ziendelee kuiva polepole. Yaani nikazivundika. Mchana wa siku hiyo simu ikalia: mama yangu mzazi ameteleza bafuni, amevunjika mkono. Nilifunga mzigo kwa dakika kumi. Nikamwambia Chapchap, zigeuze kila asubuhi, zifute kwa maji ya chumvi, kitambaa kisikauke. Akasema sawa, sawa, sawa, wewe nenda. Alizisema hizo sawa zote tatu huku anashusha begi langu barabarani.

Siku ya nne akanipigia. Nilikuwa hospitali, kwenye korido, vitanda vya magurudumu vinapita, simu yangu spika yake imepasuka. Niliyoyasikia ni haya:

"Wifi, zile zako za chini nimezifunua. Umezivundika?"

"Ndiyo," nikasema, "siku nyingi. Wewe fanya kama kawaida."

Akanyamaza. Chapchap kunyamaza ni jambo la kukushtua, lakini mimi siku hiyo sikuwa na akili ya kushtuka. "Una uhakika, wifi?"

"Wifi, mimi nina mgonjwa hapa. Fanya kama kawaida." Nikakata.

Nilirudi siku ya kumi na moja, asubuhi na mapema. Mama yangu alikuwa amefungwa plasta na ameanza kunung'unika kuhusu chai, nikajua amepona. Njiani kote nilikuwa nawaza rafu yangu. Nilipofika hata sikuweka begi chini, nilipitiliza kwenye ngazi.

Rafu ya chini ilikuwa imejaa jibini nyeupe. Zimepangwa vizuri, zimekaa kwa adabu, kana kwamba zilizaliwa pale. Harufu ilikuwa ya maziwa na mawe. Nilisimama mbele ya rafu ile nikiwa bado na begi begani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya ndoa sikutaka kusugua chochote. Nilitaka kukaa sakafuni nilie, nikakaa, nikalia.

Chapchap akanikuta hapo. "Pole, wifi," akasema kwa sauti ndogo. "Najua ulivyozihangaikia."

"Ziko wapi?"

"Si uliniambia."

"Nilikuambia nini?"

"Nilikuuliza, wifi, zimevunda? Ukasema ndiyo, siku nyingi. Ukasema nifanye kama kawaida." Akaanza kupangusa macho naye. "Nikakuuliza mara ya pili. Kawaida ya kilichovunda si unaijua? Nikamwambia mama. Mama akasema sawa, leta toroli."

Nilimtazama. Nikaisikia tena korido ile, vitanda vikipita, simu ikikwaruza. Zimevunda. Umezivundika. Nilitaka kumtukana nikakosa tusi, maana nusu ya tusi lilikuwa langu. Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo. Nililokuwa sijui ni kwamba hata ukiwepo kwenye simu, huhesabiwi.

"Mama alisema nini kingine?" nikauliza.

"Hakusema kitu kingine. Alisukuma toroli mwenyewe. Nilitaka kumsaidia akanifukuza."

Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Alisukuma mwenyewe, kwa miguu ile iliyovimba. Nikaona alikuwa na haraka ya kunizikia.

Nikaenda jikoni. Nikasugua sufuria kubwa, nikasugua ndogo, nikasugua mifuniko, nikasugua sufuria ya jirani iliyokuja na maharage. Mume wangu akaja hadi kwenye kona ya nyumba, akaona mng'ao, akageuza baiskeli. Nilipoishiwa vyombo nikachukua jembe.

"Unaenda wapi?" Chapchap akauliza.

"Kuwaona marehemu wangu."

Udongo wa nyuma ya uzio ulikuwa bado laini. Nikachimba, Chapchap kasimama pembeni anashika pua na kuomba radhi kwa zamu. Jibini ya kwanza ikatoka. Nikaipasua kwa jembe: imelainika yote, matundu yake yameporomoka, ndani maji maji yenye rangi ya kijivu, harufu ya kukurudisha hatua tatu. Hiyo ilikuwa imevunda, hakuna wa kubisha. Ya pili vilevile. Nikaangalia alama za matundu kwenye ngozi, zilivyojaa upande mmoja, nikazitambua. Zilikuwa zile mbili za mluzi.

Nikachimba tena. Nikachimba kushoto, nikachimba kulia, mpaka jembe likagonga mwamba. Hapakuwa na kitu.

"Wifi," nikasema, "ulipakia ngapi kwenye toroli?"

"Zote. Kumi na mbili."

"Hapa ziko mbili."

"Mbwa?" Chapchap akasema.

"Mbwa gani anafukua kaburi halafu anafukia vizuri?"

Tukarudi nyumbani. Ilikuwa kama saa nne asubuhi. Nikauliza mama yuko wapi, maana tangu nifike sikuwa nimemwona, na mama si mtu wa kutokuonekana saa nne asubuhi. Chapchap akasema yuko chumbani kwake. Siku hizi anajifungia sana, anasema ni kichwa. Hataki kufagiliwa, hataki kutandikiwa, madirisha yako wazi mchana kutwa.

"Tangu lini?"

Akahesabu kwa vidole. "Wiki sasa." Vidole vikasimama hewani.

Chumba cha mama kiko upande wa nyuma, kimeegemea tangi la maji. Ukiacha chumba cha chini, hakuna mahali pa baridi kuliko hapo, ndiyo maana analala na soksi. Tulipokaribia mlango tukaisikia harufu kabla hatujabisha. Kitunguu saumu. Rozmari. Na nyuma yake ile harufu nyingine, nzito, yangu.

"Hodi, mama."

"Nimelala."

"Mama, ni mimi. Nimerudi."

Kitu kikaburutwa sakafuni. "Mama yako hajambo?"

"Hajambo, anaendelea vizuri. Naweza kuingia?"

"Nimelala, nimesema."

"Unanijibu umelala?"

Nikasikia anapumua kwa pua, kama anavyofanya akishindwa bei na mtu. "Ingia. Huyo mwingine abaki nje, mdomo wake haufungi."

Chapchap aliingia pamoja nami, ndivyo alivyo. Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, soksi miguuni, mtandio umekaa upande, mashuka yameshuka hadi sakafuni kuliko kawaida. Mikononi alikuwa na kisu na kipande cha mkate, na shavu lake moja limejaa.

Nilipiga magoti, nikainua shuka. Pale uvunguni, juu ya ubao wake wa kupigia pasi uliolazwa sakafuni, zilikuwa jibini zangu kumi. Zimefunikwa kitambaa kibichi, safi. Pembeni bakuli la maji ya chumvi na kitambaa kidogo. Zimegeuzwa asubuhi hiyo. Unyevu wa upande wa chini ulikuwa juu. Moja ilikuwa imekatwa, tena si kipande kimoja. Ilibaki nusu.

Nilibaki nimeinama vile kwa muda mrefu kwa sababu sikutaka waone uso wangu.

"Mama," nikasema kutoka uvunguni, "si ulisema kilichovunda ni cha shimo?"

Alimeza kwanza. "Nilizipeleka shimoni. Muulize huyo. Nikaonja ya kwanza, nikatema. Ya pili, nikatema. Nikazifukia, haki yao. Ya tatu nikaonja."

"Halafu?"

"Halafu nikaonja tena."

Chapchap akaanza kutoa sauti ya birika linalokaribia kuchemka. Mama akamwonyesha kisu, ikatulia.

"Nikakaa juu ya toroli pale," mama akaendelea. "Nikaonja ya nne, ya tano. Nikaona hawa hawajafa. Sasa nitafanyaje? Nizirudishe kwenye rafu? Miezi miwili nimepita pale nimeziba pua, watu wote wananiona. Nikasema zipumzike huku kwanza, mwenyewe akirudi nitajua la kusema." Akatazama mkate wake. "Umerudi, na bado sijui la kusema."

Inzi mmoja akazunguka. Nilikaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda chake. Miguu yake ya soksi ilikuwa karibu na bega langu. Nilitaka kukasirika; nilikuwa na haki ya kukasirika; nimelia kule chini, nimechimba makaburi, mikono imeota malengelenge. Hasira haikuja. Ilikuja furaha tu, furaha ya kijinga, kama ya mtu aliyeona mtoto wake ameibiwa na bibi yake.

"Kitunguu saumu kimezidi," mama akasema ghafla.

Nikageuka.

"Punje arobaini kwa kumi na mbili ni nyingi. Tia thelathini. Na rozmari uikate ndogo zaidi, inakwaruza koo. Kisha zile mbili zilizokufa, niliona kilichoziua. Ulizitoboa kwa hasira. Matundu yote upande mmoja, maji yakakosa njia. Jibini si mume, mkwe wangu. Huwezi kuifanyia hivyo ukategemea ibadilike."

Nilimsikiliza nimefungua mdomo. Miaka tisa mama amenifundisha jibini yake. Siku hiyo alikuwa ananisahihisha ya kwangu.

Mchana mume wangu alirudi, na safari hii aliita kutoka nje kwanza. Tukamwambia mng'ao wa vyombo ni wa asubuhi, aingie tu. Mama alitoka chumbani na jibini nzima kwenye sahani, ametengeneza mtandio, anatembea kama hakuna lililotokea. Akaiweka katikati ya meza. Akaikata. Ndani ilikuwa na rangi ya maziwa ya jioni, mistari ya buluu imeingia hadi moyoni, vidoadoa vya kijani na vijipande vya vitunguu saumu vimetawanyika. Ukweli ni kwamba hadi siku hiyo nilikuwa sijawahi kuiona ndani ikiwa imeiva. Sikuwa nimekata hata moja. Yeye ndiye aliyeiona kabla yangu.

Mume wangu akaisogelea, akainusa, akarudisha kichwa nyuma. "Hii si ndiyo ile iliyovunda?"

Chapchap alifungua mdomo. Mama akamwahi.

"Kuvunda ni kitu kingine," akamwambia mwanawe. "Kitu kikivunda kinavunda chenyewe, hakimhitaji mtu. Ukikisahau tu kinavunda. Hii haikusahauliwa. Hii imevundikwa." Akanyoosha kisu kuvuka meza, ncha ikanielekea kifuani. "Ameivundika huyu. Kula."

Akala. Akatafuna, akatazama juu, akachukua kipande kingine bila kusema, na kwa mume wangu hiyo ni hotuba.

"Ubao wangu wa pasi naudai," mama akasema. "Mkimaliza kula, wewe Chapchap ushuke ukaondoe zile nyeupe kwenye rafu ya chini. Zibane juu huko, zitapata mahali. Mwenye rafu amerudi."

Nilisimama, nikaenda jikoni, nikafungulia maji. Masufuria yote yalikuwa safi. Nikachukua lile kubwa hivyohivyo, nikaanza kulisugua, na machozi yanadondokea ndani. Nikamsikia mume wangu kule mezani anasukuma kiti nyuma.

"Kaa chini, kaka," Chapchap akamwambia. "Leo si hasira."